Tusiidharau Bunduki Ndogo

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende. Maneno hayo yanawafaa ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi walioko mpakani mwa Uganda na Kenya, toka Malaba hadi Busia, kila inapotajwa bunduki ya .22. Wako waichekao na kuiita bunduki ya kupigia ndege. Maoni yetu ni kinyume cha hayo. Kwa askari aliye mahali kama Tiira, hakuna mwalimu wa shabaha aliye bora kuliko bunduki hiyo, mradi ichaguliwe kwa akili na itumiwe mahali pake.

Kwanza tuielewe risasi yenyewe. Risasi ya .22 iliyoenea zaidi leo ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887. Baruti yake ya kuwashia haimo katikati ya kitako cha ganda, kama ilivyo katika risasi ya AK-47, bali imezungushwa ndani ya ukingo. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi, ilhali kile cha AK-47 hukaribia gramu 8. Kwa hiyo bunduki hii haina teke la maana, mlio wake ni mdogo, na risasi zake ni za bei nafuu. Askari anayeliogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa. Mpe bunduki isiyopiga teke, hofu itamtoka na kosa lake litaonekana waziwazi. Ndiyo sababu Waingereza walizigeuza baadhi ya Lee-Enfield zao ziwe za .22 kwa ajili ya mafunzo.

Je, ichaguliwe ipi? Kwa mafunzo, yafaa ile ya kukokiwa kwa mkono kila risasi, maana ile inayojipakia yenyewe humshawishi mwanafunzi kumwaga risasi badala ya kulenga. Kitako kimtoshe begani, na kifyatulio kivutike taratibu bila kukwama. Tusidanganywe na ung'aavu wa mbao. Bunduki iwekwe juu ya mfuko wa mchanga, ipigwe risasi tano tano kwa mita 50, kwa risasi za viwanda mbalimbali. Ile inayokusanya matundu pamoja ndiyo ya kununuliwa. Aidha, tahadhari moja: askari amezoea kufyatua bunduki tupu katika mazoezi, lakini nyingi za bunduki hizi hazipendi desturi hiyo, kwa sababu pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Tukija kwenye darubini, wengi hudhani kwamba kubwa ndiyo bora. Sivyo. Inayokuza mara 4 yatosha kabisa kwa mita 50. Jambo la kuangaliwa ni umbali ambao darubini imetengenezewa. Nyingi za bunduki kubwa hurekebishwa kiwandani kwa mita 100 hivi. Ukilenga karibu zaidi, jicho likisogea kidogo nyuma ya kioo, msalaba nao huonekana kuhama juu ya shabaha ingawa bunduki haikutikisika. Zile za .22 hurekebishwa kwa kiasi cha mita 50, na hizo ndizo za kutafutwa. Hata hivyo, darubini huukuza mtetemo wa mkono, haiuponyi. Hivyo basi, mwanafunzi aanze kwa kulenga kwa macho matupu, na darubini aipate kama tuzo ya kazi njema.

Sasa tufike kwenye lililo zito. Tiira ni nchi ya dhahabu. Wananchi wamo mashimoni, na wengine wamo njiani na mizigo ya mawe. Kichwa kile cha gramu 2.6, kikirushwa juu, chaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, na kikigonga jiwe au maji huruka tena kuelekea kusikojulikana. Atakayepiga kopo kwa mchezo juu ya mwamba hajui risasi yake italala wapi. Uwanja wa shabaha uwe na tuta refu la udongo laini lisilo na mawe, mlinzi wa kuzuia wapita njia, na afisa wa kuhesabu risasi zilizotoka na zilizorudi. Nyani wa msitu wa Busitema nao si shabaha ya bunduki hii, kwani itawajeruhi tu waende kufia mwituni kwa mateso.

Wala udogo wake hauiondoi katika sheria. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na Kenya inayo ya kwake. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 nayo inazitaka nchi zetu kuzitia alama na kuziandikisha silaha. Mpakani, ambapo hatua chache humtoa mtu nchi moja na kumwingiza nyingine, bunduki nyepesi ndiyo rahisi kufichwa. Askari akiiacha ovyo kwa kuidharau, mwizi hataidharau.

Ndugu askari, mwananchi wa Tiira hakuombi uwe na bunduki kubwa. Anachokuomba ni uhakika kwamba, siku utakapolazimika kufyatua, risasi itakwenda ulikoituma, si kwa mtoto aliyesimama nyuma. Uhakika huo hujengwa uwanjani, risasi moja baada ya nyingine, na bunduki ndogo ndiyo inayoweza kutufundisha kwa gharama tunayoimudu.