Mpango mkakati usiomfikia mwanachama wa Nyasho utaishia kabatini

Vyama vya kitaaluma vikikaa kuandaa mpango mkakati wa miaka mitano, kazi huanza na dira, dhima na malengo. Swali gumu huachwa mwisho: mwanachama aliye mbali na Dar es Salaam anapata nini kwa ada yake?

Chukua mwalimu wa historia anayeishi Nyasho, mjini Musoma. Mkutano mkuu ukifanyika Dar, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Nauli, chakula na gesti vinaweza kuzidi ada ya mwaka mara kadhaa. Akikosa mikutano miwili na jarida nalo halimfikii, anaacha kulipa. Hagombani na mtu, anapotea tu.

Hesabu haidanganyi

Kwa mfano, chama chenye majina 200 na ada ya Sh30,000 kinategemea Sh6 milioni kwa mwaka. Wakilipa nusu, zinabaki Sh3 milioni. Mkutano mmoja wa siku mbili unaweza kuzimaliza zote. Hapo chama kinageukia wafadhili, na mfadhili huja na vipaumbele vyake.

Waliotangulia walichagua kazi

Chama cha Historia cha Tanzania kilijulikana miaka ya 1960 kwa kazi inayoshikika mkononi. Kilitoa kijitabu cha kumbukumbu za Vita vya Majimaji, kazi ya Gilbert Gwassa na John Iliffe. Mwaka 1969 kikafuata kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Aliyeuliza chama kinafanya nini alionyeshwa kitabu.

Mara nayo ina waandishi wake. Historia zilizoandikwa na wenyeji wa kusini mwa mkoa huo zilichapishwa mwaka 2003, lakini huko Leiden, Uholanzi, chini ya uhariri wa Mmarekani Jan Bender Shetler. Kazi kama hiyo ingeweza kuwa lengo namba moja la chama cha hapa nyumbani.

Nini kiandikwe

Kwanza, mikutano ya kanda. Kutoka Musoma, Mwanza ni safari ya saa chache, na Butiama yenye chuo kikuu cha kilimo na teknolojia ni jirani kabisa.

Pili, jarida lisomeke kwenye simu na ada ilipwe kwa simu.

Tatu, kila lengo liwe na mhusika, tarehe na bajeti. Lisilo na hela lifutwe mapema, maana malengo 20 kwa chama chenye mhasibu mmoja wa kujitolea ni ndoto.

Kipimo cha mpango kipo kwenye daftari la ada. Mwaka wa kwanza ukiisha, wahesabiwe wanachama wa nje ya Dar waliolipa tena. Wakipungua, mpango urudishwe mezani bila kusubiri miaka mitano iishe.