Bwana Shamba Anasema: Chumvi ya Gunia, Muhogo na Shingo ya Mbwa

Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya palizi ya mbaazi. Palizi itangoja kidogo. Limetokea jambo jingine, nalo linahusu chungu chako cha mboga.

Mzee mmoja alikuja ofisini kwangu na mbwa. Mbwa alifungwa kamba ya katani. Watu waliokaa barazani walicheka. Hapa kwetu Newala watu hawaleti mbwa kwa Bwana Shamba. Huleta jani la mkorosho lenye ubwiri, au kuku aliyekufa kwa kideri.

Nikasema, "Shikamoo mzee."

Akaitika, "Marahaba mwanangu. Leo nimekuletea mgonjwa."

Nikamtazama mbwa yule. Alikuwa mzito na mvivu. Manyoya yalikuwa yamepukutika mbavuni, upande huu na upande huu. Chini ya koo alikuwa na uvimbe, kama aliyemeza embe changa likakwama. Mzee alisema kuwa zamani mbwa huyo alikuwa hodari. Nguruwe mwitu hawakusogea shambani. Siku hizi ngedere wanachuma mabibo mbele ya macho yake, na yeye amelala tu.

Nilimwuliza mbwa anakula nini.

"Anakula tunachokula sisi. Ugali wa muhogo. Ukoko wa sufuria."

"Na mboga?"

"Mboga watu haiwatoshi, sembuse mbwa."

Tukacheka. Kisha mzee akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mkwe wangu naye ana kitu kama hiki shingoni. Ana mimba ya miezi minne. Wanawake wanasema ni mimba tu, kitaondoka chenyewe."

Hapo sikucheka tena.

Mimi si daktari wa watu. Nina cheti cha kilimo, na mambo ya mifugo nilisoma kidogo. Nilimwambia mzee mambo mawili. Mkwe aende kliniki wiki hiyo hiyo, asingoje. Mbwa aonwe na mganga wa mifugo. Lakini kabla hajaondoka nilimwuliza swali moja. Nyumbani kwako mnatumia chumvi gani?

"Ya gunia, inayotoka pwani. Bahari si hiyo hapo Mtwara, Bwana Shamba? Chumvi ya bahari ina kila kitu."

Ndugu msomaji, maneno hayo nimeyasikia mara nyingi. Hata mimi niliyaamini. Tuyatazame vizuri.

Mbele ya shingo ya kila mtu kuna tezi ndogo. Ina mabawa mawili kama kipepeo. Mbwa anayo, mbuzi anayo, ng'ombe anayo. Tezi hii hutengeneza dawa ya mwili. Dawa hiyo huamuru mwili uchome chakula haraka au polepole. Huamuru mtoto akue na ubongo wake ujengeke. Ili kuitengeneza, tezi inahitaji madini joto.

Madini hayo yanahitajiwa kidogo mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Gawanya gramu moja mara milioni moja, kisha chukua vipande 150. Ndiyo hivyo tu. Mama mwenye mimba anahitaji mikrogramu 250. Madini joto ya maisha yako yote hayajazi kijiko kimoja cha chai. Lakini mwili hauwezi kuweka akiba ya miaka mingi. Lazima uyapate mara kwa mara.

Tezi ikikosa madini joto hujitahidi. Hukua ili ikamate hata kile kidogo kinachopita. Ndipo shingo huvimba. Uvimbe huo ndio rovu.

Watu huogopa rovu kwa sababu linaonekana. Mimi naogopa zaidi kile kisichoonekana. Mama mwenye mimba akikosa madini joto, mtoto tumboni naye hukosa. Mimba inaweza kuharibika. Mtoto anaweza kuzaliwa amekufa. Mwingine huzaliwa hai, lakini ni kiziwi, au akili zake zimedumaa. Na wako wengi ambao huwezi kuwatambua kwa macho. Wanacheza vizuri na wenzao, ila shuleni wako nyuma kidogo, na mwalimu anadhani ni wavivu. Ubongo uliokosa madini joto tumboni hauwezi kujengwa upya baadaye.

Wafugaji wa mbuzi wanaweza kunielewa upesi. Mbuzi jike akikosa madini joto sana, huzaa mwanambuzi dhaifu, hana manyoya, shingo imevimba. Mara nyingi amekufa. Wenye mbuzi husema amelogwa.

Sasa turudi kwenye bahari. Ni kweli, samaki wa baharini na mwani wana madini joto. Wao huyakusanya miilini mwao. Lakini maji ya bahari yenyewe yanayo kidogo sana. Maji hayo yakikauka kwenye jaruba la chumvi, karibu yote hupotea. Chumvi ya pwani ambayo haikutiwa madini joto kiwandani haina faida hiyo. Ni nyeupe, ni kali, inakoleza mboga. Basi.

Kama hamniamini, tazameni Pemba. Kisiwa kile kimezungukwa na maji ya chumvi pande zote. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta rovu kwa watoto wengi wa shule huko, kuliko hata Unguja. Ikiwa mtu wa Pemba anaweza kukosa madini joto, je, sisi tulio juu ya uwanda huu wa Makonde? Udongo wetu ni mchanga mwekundu. Mvua imeusuuza tangu zamani. Mmea hauwezi kukupa kitu ambacho udongo hauna.

Jambo la mbwa pia si geni. Mwaka 1905 daktari mmoja Mmarekani, David Marine, alihamia mji wa Cleveland. Aliona mbwa wengi mitaani wana rovu. Hakuwafukuza kwa mawe. Alijiuliza kwa nini. Akawachunguza wanyama, akaona kwamba madini joto yanasaidia. Mwaka 1917 yeye na mwenzake wakaanza kazi kwa wasichana wa shule wa mji wa Akron. Wasichana zaidi ya 2,000 walipewa madini joto. Kati yao watano tu walipata rovu. Wengine kama 2,300 hawakupewa. Kati ya hao karibu 500 walipata rovu. Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922, na Marekani ikafuata mwaka 1924.

Hapa Tanzania nyanda za juu ziliumia sana. Watu wa Ukinga walijulikana kwa rovu tangu zamani. Katika miaka ya 1980 watoto 25 kati ya 100 wa shule nchini walikuwa na rovu. Taasisi ya Chakula na Lishe ilifanya kazi kubwa. Katika wilaya zilizozidiwa watu walipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Miaka ya 1990 serikali ikatunga kanuni kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Mwaka 2004 watoto wenye rovu walikuwa wameshuka hadi 7 kati ya 100. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini mikoa yetu ya kusini, Lindi na Mtwara, ilibaki nyuma katika chumvi. Sababu ni hii hii: majaruba madogo ni mengi, chumvi ya gunia ni rahisi, na sisi tunaipenda.

Sasa kuna jambo la pili, nalo ni muhogo. Hapa naomba msinikasirikie. Mimi mwenyewe nimekulia ugali wa muhogo, na nitaufia.

Muhogo mchungu una sumu, inaitwa sianidi. Mwili ukipata kidogo, huibadili sumu hiyo iwe kitu kingine kisicho kikali, kisha huitoa kwa mkojo. Lakini kitu hicho kabla hakijatoka huziba njia ya madini joto kuingia kwenye tezi. Mtu mwenye madini joto ya kutosha hasumbuki sana. Mtu mwenye madini joto haba huumia mara mbili. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwa la Kivu, kule Kongo, wataalamu waliona jambo hili miaka mingi iliyopita. Madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima. Lakini kaskazini rovu lilikuwa jingi kuliko kusini-magharibi. Tofauti ilikuwa muhogo. Watu wa kaskazini waliula zaidi.

Tena mwaka 1991 watafiti wa Nigeria walichapisha habari za mbwa. Mbwa wengine walilishwa wali, wengine muhogo. Waliolishwa muhogo tezi zao zilivimba, na ile dawa ya tezi ikapungua katika damu. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mbwa wa mzee na ukoko wake.

Sisi wa kusini tunaijua sumu hii kwa njia nyingine pia. Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wa Masasi walipata sumu ya muhogo. Hawakuwa na nafasi ya kungoja makopa yakauke. Walitwanga muhogo mbichi na kuuanika upesi, ule tunaouita chinyanya. Mwaka 1985 Tarime walipata ugonjwa wa konzo, miguu inakakamaa na haiponi. Mkoa wetu nao uliupata miaka ya mwanzo ya 2000.

Kwa hiyo usiharakishe makopa. Na hata unga ukiwa tayari, iko njia rahisi ya kupunguza sumu. Tia unga katika beseni, uusawazishe. Weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Mimina maji huku unakoroga. Unga utashuka. Ongeza maji mpaka unga uliolowa ufike tena kwenye alama. Kisha utandaze juu ya mkeka, mwembamba, usizidi sentimita moja. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu huondoka na hewa. Upike ugali siku hiyo hiyo, usilaze unga uliolowa, utaota ukungu. Akina mama niliowaonyesha waliniambia ugali unakuwa mtamu kuliko wa kawaida. Wanaume walisema hawakuona tofauti, lakini walimaliza sahani.

Ugali huo ule na kunde, mbaazi au dagaa. Mwili unahitaji protini ili uivunje sumu iliyobaki.

Sasa chumvi. Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma. Hapa ndipo kusoma kunapolipa. Ukienda dukani, chukua pakiti uisome. Tafuta maneno "madini joto". Usipoyaona, uliza. Chumvi ya gunia lililo wazi haina mahali pa kusoma.

Ukiwa nayo nyumbani, itunze. Jua, joto na unyevu huondoa madini joto. Iweke katika chombo chenye mfuniko, mbali na moto. Usiioshe kabla ya kutumia, utamwaga ulichonunua. Itie katika mboga karibu na kuiva, si mwanzo. Wala usiongeze chumvi kwa kufikiri kwamba nyingi ni bora zaidi. Kwa siku mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai, kwa ajili ya shinikizo la damu. Na ile dawa ya kahawia ya vidonda iliyo na aidini, isitiwe kamwe katika chakula cha mtu wala cha mbwa. Ni sumu.

Nikiri kosa langu. Siku ile mzee alipoondoka nilirudi nyumbani, nikatazama chumvi yetu. Ilikuwa ya gunia. Tena ilikuwa katika kopo lisilo na mfuniko, juu ya mafiga, inapigwa na moshi tangu mwaka jana. Mke wangu alisema, "Wewe Bwana Shamba unafundisha watu mchana, usiku unakula nini?" Sikuwa na jibu.

Mnataka kujua habari za wagonjwa wetu. Mkwe alikwenda kliniki, na kutoka hapo akapelekwa hospitali apimwe damu. Bado anahudhuria. Mzee amenunua chumvi ya pakiti, na anaificha mbwa asiilambe.

Ama kuhusu mbwa, mganga wa mifugo alinipunguzia maneno. Alisema mbwa anaweza kuugua tezi bila kukosa madini joto, kwa sababu mwili wake wenyewe huishambulia tezi. Uvimbe wa koo nao una sababu nyingi. Huwezi kujua kwa kutazama. Alimshauri mzee amchanganyie mbwa vichwa vya dagaa katika ugali. Akaonya asimpe tezi za koo la ng'ombe kutoka machinjioni, maana huko dawa ya tezi imo nyingi mno, na mbwa atapata ugonjwa wa kinyume chake. Sikulijua hilo. Nimelijua sasa, na ninyi mmelijua.

Bado lipo tatizo la mwenye duka wetu. Ameniambia pakiti za chumvi zinamkalia, kwa sababu watu wanataka kupimiwa kwa kikombe. Kijiji kimoja jirani wamekubaliana wanunue katoni nzima na kugawana. Anayejua njia nyingine aniandikie.

Mwezi ujao ni palizi ya mbaazi, bila kukosa.