Tufunge mali mbele kamio haziyavuka

Mu mwezi wa ine 2018, uisye alipelekea kampuni mbili za Glencore upande wa Kolwezi, Mutanda na KCC, makaratasi ya kufunga mali yao. Ventora, kampuni ya Dan Gertler, ilikuwa inadai fungu lake juu ya madini: karibu dola milioni 695 kwa moja, miliari 2,28 kwa ingine. Kesi ilikuwa haiyakatwa. Mu mwezi wa sita, Glencore ikakubali kulipa, kwa ero.

Ile njia si ya wakubwa peke yao. Kongo iko mu OHADA tangu 2012. Kama deni inaonekana ya kweli na kuna hofu itapotea, juge anaweza kuruhusu saisie conservatoire mbele ya hukumu. Banki yenye kuchunga makuta, ao mwenye depo kwenye mashini zimelala, hawezi tena kuzirudishia kampuni. Akizitoa, anaweza kulipishwa yeye mwenyewe.

Na sisi wa Bukavu? Mishahara ya miezi, tunaandika barua, tunangojea. Siku hukumu inatoka, kamio zilishavuka Ruzizi.

Juge hatatutafutia mali. Ni fundi anajua jenereta iko mu lupango ya nani, ni mama wa kantini anasikia banki gani. Muletee sendika hizo habari, na kopi ya kontra. Lakini kisha kukamata, kesi yenyewe ifunguliwe haraka. Siku zikipita, saisie inaanguka.