Itibari ya Njia Panda
Kijana anayefungua duka au ghala hapo Chalinze, inapoachana barabara ya Morogoro na ile iendayo Segera, aghalabu husumbukia fedha za kuanzia kuliko itibari yake mbele ya watu wasio ndugu zake, na hilo hunisikitisha mno. Katika zama za misafara, Bagamoyo ilikuwa na tajiri Sewa Haji, aliyefariki mwaka 1897, ambaye aliwakopesha viongozi wa misafara nguo na shanga kwa ahadi ya kulipwa pembe za ndovu watakaporejea kutoka bara. Na muamala wa namna hiyo, ijapokuwa biashara ya pembe ilijaa madhila ambayo hatuna haki ya kuyasahau, usingalisimama lau kama watu hawakujuana kwa majina, kwa wadhamini na kwa sifa zao za kulipa. Kwa hiyo nawasihi vijana wetu wahudhurie maziko na arusi za washirika wao, wala wasiwatafute siku ya haja tu. Hata leo mkulima wa nanasi wa Kiwangwa huweza kumkabidhi mchuuzi mzigo kwa mali kauli, alipwe ukishauzwa. Na kwa kuwa nanasi lililoiva halingoji, mchuuzi ampigiaye simu mapema akamwambia kwa ukweli kuwa bei imeanguka humfaa zaidi kuliko yule wa maneno matamu atowekaye na deni hadi msimu mwingine, na ndiye astahiliye kupakiwa mzigo wa kwanza mavuno yajayo.