Muziki wa Njozi si Ndoto za Alinacha

Imezoeleka kuaminiwa, hata na watu wanaoujua muziki vizuri, kwamba albamu laini yenye sauti za kunong'ona, gitaa linaloyeyuka katika mwangwi na mapigo ya ngoma yasiyo na haraka ni kazi ya watu walioupa ulimwengu kisogo. Msikilizaji akiisikia husema kwamba huo ni muziki wa kulalia, wa wavuta bangi, wa vijana wasiojua shida. Mwenye adabu zaidi huuita muziki wa ndoto, lakini kwa maana ile ile ya ndoto za Alinacha, yule mchuuzi wa vyombo vya kioo katika hadithi za Alfu Lela Ulela, aliyejiona tajiri kabla hajauza hata bilauri moja, akarusha teke kwa kiburi na kulivunja kapu lote la bidhaa zake. Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake hauishii kwenye ladha, kwa kuwa wapo watu ambao imani hiyo huwanyima haki yao.

Jina lenyewe la aina hii ya muziki limechangia kuwapotosha wengi. Neno saikedeliki lilibuniwa na Humphry Osmond, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza aliyekuwa akifanya utafiti nchini Kanada, katika barua alizoandikiana na mwandishi Aldous Huxley mwaka 1956, na mwaka uliofuata akalitangaza mbele ya wanasayansi wenzake. Ni kweli kwamba Osmond alikuwa akichunguza dawa zinazobadili fahamu, na ni kweli pia kwamba katika miaka ya 1960 wanamuziki wengi walizitumia dawa hizo na baadhi yao zikawaharibu. Lakini maneno mawili ya Kigiriki aliyoyaunganisha yana maana ya nafsi na ya kuwa dhahiri, kwa hiyo tafsiri ya haki ya neno lake ni kile kinachoidhihirisha nafsi, wala si kile kinachoilevya. Jina hilo linapoambatanishwa na muziki wa kiasili, yaani ule wa gitaa lisilo la umeme na sauti isiyopambwa, na tena na popu, yaani nyimbo fupi zenye kiitikio kinachoshikika upesi, hupatikana wimbo mfupi wenye umbo linalofahamika, ambao sauti zake zimenyooshwa na kutandazwa hadi sikio lianze kuyapokea mambo ambayo kwa kawaida huyaruka. Tendo hilo linadai umakini mkubwa kuliko ule unaodaiwa na muziki wa kelele.

Mfano ulio bora wa kuipima imani hii ni albamu iitwayo More Sad Hits, iliyotolewa mwaka 1992 na wanamuziki wawili wa Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, Damon Krukowski na Naomi Yang, wanaojulikana kwa jina la Damon & Naomi. Wawili hao walikuwa wametoka katika kundi la watu watatu lililoitwa Galaxie 500, lililotoa albamu tatu kati ya mwaka 1988 na 1990, kisha likavunjika mwaka 1991 baada ya mwimbaji na mpiga gitaa Dean Wareham kujitoa. Mwaka huo huo kampuni ya Rough Trade, iliyokuwa ikitoa albamu zao, ilifilisika, na kanda asilia za kundi, yaani zile kanda za kwanza ambazo nakala zote za santuri hutokana nazo, zikapelekwa mnadani pamoja na mali nyingine za kampuni. Kwa mwanamuziki, kanda hizo ni sawa na hati ya shamba. Akizikosa, jasho lake lote huendelea kumnufaisha mtu asiyemjua. Krukowski na Yang walikwenda wakazinunua. Hapo ndipo wanapotengana na Alinacha moja kwa moja, kwa sababu kapu lao lilipovunjwa na mguu wa mwingine hawakukaa kulia wala kuota, bali waliviokota vyombo kimoja kimoja, wakavihesabu, wakavitia mikononi mwao. Ndipo ikaja albamu hiyo laini, iliyorekodiwa na mtayarishaji Kramer, ambaye alikuwa amezirekodi albamu zote tatu za Galaxie 500, na ikatolewa na lebo yake ndogo ya Shimmy Disc.

Anayedhani kwamba ulaini huo ulipatikana bure aisikilize kwanza besi ya Naomi Yang. Katika bendi nyingi gitaa la besi hukaa chini, huifuata ngoma kubwa na kuzishikilia noti za msingi, kama nguzo ambayo haitazamwi na mtu ila nyumba yote huiegemea. Yang hufanya kinyume. Vidole vyake hupanda kwenye shingo ya gitaa hadi kwenye noti za juu, huko hujenga mstari wa sauti unaoimbika, ambao hukutana na mstari wa mwimbaji, huuacha, hutangulia mbele, kisha huusubiri. Lakini nguzo ikiondoka mahali pake, nyumba husimama juu ya nini? Katika kundi la watu wawili hakuna wa tatu wa kuliziba pengo hilo, na jibu la Krukowski, anayepiga ngoma na gitaa, ni kuuacha uwazi kwa makusudi, kupiga machache, na kuipa kila noti muda wa kufa yenyewe kabla nyingine haijazaliwa. Mpigaji wa kasi anaweza kuyaficha makosa yake ndani ya kasi. Anayepiga polepole kiasi hicho hana pa kujificha, kwa maana pigo likichelewa kidogo tu, wimbo mzima huonekana kuchechemea.

Juu ya hayo kuna mwangwi. Sauti inayotoka kinywani hugonga kuta na kurejea sikioni mara nyingi mno, kila rejeo likiwa limechelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na limepungua nguvu kuliko lililotangulia, na kwa kuchelewa huko ubongo huukadiria ukubwa wa chumba hata kama macho yamefumbwa. Studio huuiga mchezo huo kwa mitambo, hivi kwamba fundi anaweza kuiweka sauti iliyorekodiwa kwenye chumba kidogo ndani ya ukumbi ambao haujawahi kujengwa. Ukizidi, maneno huzama. Ukipungua, sauti hubaki kavu na karibu mno, na umbali ambao wimbo uliutaka hupotea. Kwa hiyo kile ambacho msikilizaji hukiita ukungu ni maamuzi mengi yaliyorundikana, silabi baada ya silabi, na asubuhi yenye ukungu isiyokuwa na fundi ni ya milimani tu, haipo kwenye santuri.

Wala ulimwengu haukuachwa nje ya mlango. Majina ya nyimbo za More Sad Hits peke yake yanatosha kumshtua anayetafuta maficho: mmoja unaitaja zama za habari, mwingine kipimo cha joto la kila siku katika jiji la Boston, mwingine umechukua jina lake kwenye kibandiko ambacho madereva wa Marekani hukibandika nyuma ya magari yao wakishaupanda Mlima Washington wa New Hampshire. Wimbo mwingine unaitwa “Laika”, ambalo ni jina la mbwa aliyerushwa na Wasovieti angani tarehe 3 Novemba 1957 ndani ya chombo cha Sputnik 2, ambacho hakikuwa na namna yoyote ya kumrejesha duniani, akafa kwa joto saa chache baada ya kurushwa. Mtu anayeukimbia ulimwengu haanzi safari yake kwa kumbeba kiumbe huyo.

Ukoo wa muziki huu nao unaikanusha imani hiyo. Katika albamu hiyo hiyo wawili hao waliurudia wimbo wa Hugh Hopper, mtunzi wa duru ya wanamuziki wa mji wa Canterbury, Uingereza, iliyoizaa pia bendi ya Soft Machine, ambayo mpiga ngoma wake alikuwa Robert Wyatt. Wyatt alianguka kutoka dirishani mwezi Juni 1973, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini, na mwaka 1974 akatoa Rock Bottom, albamu yenye sauti za majimaji na za usingizini ambayo wapenzi wa muziki wa njozi wanaihesabu miongoni mwa vilele vyake. Mtu huyo huyo alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Uingereza, na kwa sauti ile ile nyembamba isiyopandishwa aliimba mwaka 1982 “Shipbuilding”, wimbo wa Elvis Costello na Clive Langer unaohusu vita vya visiwa vya Falkland na mafundi wa mitaa maskini wanaopata kazi ya kuunda meli zitakazowapeleka watoto wao kuuawa. Sauti ya kufoka isingeweza kuubeba uchungu huo, ingeusukuma kando.

Krukowski na Yang wenyewe wanaijua historia hii kwa njia nyingine pia, kwa kuwa wanaendesha shirika dogo la uchapishaji liitwalo Exact Change, lililojipa kazi ya kuvirejesha sokoni vitabu vya waandishi kama Lautréamont, Gertrude Stein na Fernando Pessoa, na hasa vya Wasurealisti, yaani wasanii waliotangaza kwa ilani ya André Breton mjini Paris mwaka 1924 kwamba ndoto ni chombo cha kuuchunguza ukweli sawasawa na fikra za mtu aliye macho. Breton hakuitumia ndoto kuikwepa siasa. Mwaka 1927 alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa.

Wanaoitetea imani inayopingwa hapa wana hoja moja yenye uzito, nayo ni kwamba Krukowski na Yang walisoma Harvard, na kwamba mwenye elimu na nafasi ndiye anayeweza kumudu kuimba polepole. Ni kweli walisoma Harvard. Lakini hoja hiyo, ikikubaliwa yote, inahusu nani anapata muda wa kufanya sanaa katika nchi yenye tofauti kubwa za kipato, na huo ni mjadala wa haki kabisa ambao hauuhukumu muziki wa polepole zaidi ya muziki wa kasi, kwani hata kelele hurekodiwa na watoto wa wenye nacho.

Lililo baya zaidi ni matumizi ya imani hiyo katika biashara. Kinachodhaniwa kushuka kutoka mawinguni hakidai ujira, na huduma za kusikiliza muziki mtandaoni zimeupanga muziki laini kwa mujibu wa dhana hiyo, zikiuweka kwenye orodha za kulalia, za kusomea na za kutuliza moyo, ambamo wimbo mmoja huingia mahali pa mwingine bila msikilizaji kutaka kujua aliyeutunga. Mwezi Novemba 2012 Krukowski alichapisha hesabu za mrabaha, yaani malipo anayostahili mtunzi kila kazi yake inapotumiwa, za wimbo “Tugboat” wa Galaxie 500. Katika robo moja ya mwaka huo wimbo ulipigwa mara 7,800 kwenye Pandora, na watunzi wake watatu wakalipwa kwa pamoja senti 21 za dola, yaani senti 7 kila mmoja. Kwenye Spotify ulipigwa mara 5,960, wakalipwa kwa pamoja dola 1.05. Kwa hesabu zake, ili mrabaha huo uifikie faida ya kuuza santuri ndefu moja tu, wimbo ungehitaji kupigwa mara 47,680 kwenye Spotify, au mara 312,000 hivi kwenye Pandora. Tarakimu hizo zilikusanywa na mtu anayesemwa kuwa yumo ndotoni, kwa uvumilivu wa karani wa ushirika anayepima magunia ya wakulima.

Hakuishia kwenye hesabu. Mwaka 2020 wanamuziki wa Marekani waliunda muungano wao wa wafanyakazi, Krukowski akiwa miongoni mwa waandalizi, na mojawapo ya madai yao makubwa likawa kwamba Spotify ilipe angalau senti moja kwa kila mara wimbo unapopigwa. Tarehe 15 Machi 2021 waliandamana mbele ya ofisi za kampuni hiyo katika miji ya nchi mbalimbali, na mwezi Machi 2024 mbunge Rashida Tlaib, akishirikiana na Jamaal Bowman, aliwasilisha katika Bunge la Marekani mswada wa kuwapatia wanamuziki malipo ya kuwawezesha kuishi, ulioandaliwa pamoja na muungano huo. Katika mwaka ule ule wa maandamano, Damon & Naomi walitoa A Sky Record, wakishirikiana na mpiga gitaa wa Japani Michio Kurihara, ambaye wamekuwa wakipiga naye tangu albamu waliyoitoa mwaka 2000 pamoja na bendi ya Ghost. Sauti zimebaki za pole kama zilivyokuwa mwaka 1992, besi ya Yang bado inapanda kwenye noti za juu, gitaa la Kurihara linaifuata kwa mbali, na anayeendelea kuwaita wakimbizi wa maisha ana wajibu wa kueleza ni wakati gani, kati ya mnada, matbaa, daftari la mrabaha na maandamano, walipopata nafasi ya kukimbia.