Maneno ya Mezani Tusiyadharau

Huko Hong Kong, mtu anaweza kumaliza mwaka bila kugusa kete ya majongi, lakini maneno ya mchezo huo yakawa kinywani mwake kila siku. Majongi huchezwa na watu wanne kwa kete 144. Kila mmoja hushika kete 13, akivuta moja na kutupa moja mpaka zipangike sawasawa. Akifaulu, Wakantoni husema "sik wu", yaani ameshinda. Neno hilohilo humfaa pia aliyefanikiwa katika shughuli zake.

Kwa kuwa majongi mara nyingi huchezwa kwa fedha, mtu aweza kuuliza: je, maneno yake yanamfaa mhubiri? Nasema yanamfaa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2413) haisemi kwamba mchezo wa bahati ni dhambi kwa wenyewe; unakuwa haukubaliki pale unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Basi tukemee uroho, si msamiati.

Tena maneno hayo yana mafundisho. "Zaa wu" ni ushindi wa uongo: mchezaji anafunua kete akidhani zimekamilika, kumbe bado, naye anatozwa faini. Mitaani neno hilo hutajwa pale watu wanaposhangilia jambo ambalo halijatimia. "Zit wu" ni kunyakua ushindi ambao mwenzako alikuwa akiungoja. Husemwa hata klabu ya soka inapomsajili mchezaji aliyekaribia kwenda kwingine.

Nasi tuna "karata ya turufu" na "kulamba dume", na hatumdhanii msemaji kuwa mcheza kamari. Mtume Paulo mwenyewe alipowaandikia Wakorintho alichukua mifano ya mbio na ngumi (1 Kor 9:24-27), michezo waliyoifahamu.

Kwa hiyo, mseminari anayetamani kutumwa mbali asitosheke na kamusi na vitabu vya sala. Asikilize pia watu wanavyotaniana mezani. Wakantoni wana msemo "saam kyut jat": watatu wapo, amepungua mmoja, na mchezo hauwezi kuanza. Padri wa Hong Kong anayemtembelea muumini aliyeacha kuja kanisani, akitaka kumwambia kwamba nafasi yake bado inamngoja, atapata wapi maneno mepesi kuliko hayo?