‘You are’, hata akiwa mtu mmoja

Jedwali huchorwa ubaoni kwa safu mbili. Upande wa umoja mwalimu anaandika ‘I’, ‘you’, ‘he’, ‘she’, ‘it’. Upande wa wingi ‘we’, ‘you’, ‘they’. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza Masasi au Newala, kusini mwa Tanzania, ambaye hadi darasa la saba alisoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili, anaona kioja: ‘you’ iko pande zote mbili. Akiuliza kwa nini mtu mmoja aambiwe ‘you are’ ilhali ‘are’ ni ya wengi, mara nyingi hujibiwa kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo, akariri.

Jibu hilo linamdhulumu. Jibu lenyewe analo nyumbani kwao.

Huyu ni mtu aliyezoea kuhesabu watu kabla hajawasalimu. Akikuta mzee mmoja barazani, ni shikamoo. Akikuta watatu, ni shikamooni. Karibu huwa karibuni, asante huwa asanteni, na hata kuaga hawezi kabla hajajua anaaga wangapi. Kama kwao kinazungumzwa Kiyao au Kimakua, amefunzwa pia kwamba mkubwa hasemeshwi kwa umoja. Bibi ni mmoja, lakini anaambiwa kwa wingi, na kitenzi kinaufuata wingi huo. Mjukuu anayesahau hukemewa papo hapo.

Waingereza walipita njia hiyohiyo. Zamani walikuwa na ‘thou’ kwa mmoja na ‘ye’ au ‘you’ kwa wengi. Kuanzia karne ya 13, kwa kuiga adabu za Wafaransa, wakaanza kumsemesha mkubwa kwa wingi. Heshima haikukaa kwa wakubwa tu. Mfanyabiashara naye akaitaka, majirani wakapeana, na ‘thou’ ikabaki ya kumwambia mtumishi, mpenzi, mtoto au Mungu. Wamisionari wa Kianglikana walioweka makazi Masasi mwaka 1876, wakiongozwa na Askofu Edward Steere na wakiwa pamoja na watu waliokombolewa utumwani, walitoka katika kanisa ambalo kitabu chake cha sala cha Kiingereza kilikuwa bado kinamwita Mungu ‘thou’, ingawa katika mazungumzo ya kawaida neno hilo lilikuwa limeshapotea katika Kiingereza sanifu. Kabla ya hapo, katika karne ya 17, waumini wa madhehebu ya Waquaker walikataa kabisa desturi ya kumpa mtu mmoja wingi wa heshima. Walimwambia kila mtu ‘thou’, hakimu akiwemo, na ukaidi huo uliwaponza.

Kwa hiyo ‘are’ ya ‘you are’ ni kitenzi cha adabu ambacho wenyewe wameshasahau asili yake. Mwalimu akilisema hilo kwa Kiswahili, na kwa mfano wa bibi, mwanafunzi wa Masasi hana haja ya kukariri.

Tatizo ni kwamba zipo shule nchini ambako Kiswahili kikisikika darasani ni kosa la nidhamu, sembuse Kiyao. Nia inaeleweka: mtihani uko kwa Kiingereza. Lakini kumzuia mtoto kulinganisha lugha anazozijua na ile anayoitafuta ni kumnyang’anya kifaa chake bora. Hoja hapa si kupunguza Kiingereza. Mtoto wa huko anaweza kukimudu vizuri: Benjamin Mkapa, rais wa zamani wa Tanzania na mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alihitimu shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, na sifa ya ufasaha wake inajulikana.

Ulinganisho huo unaonyesha pia mahali ambapo Kiingereza ndicho kilichopungukiwa. Tangazo likiandikwa ‘Bring your receipt’, karani wa chama cha msingi cha ushirika atakayelisomea kundi la wakulima wa korosho lazima aamue mwenyewe: lete au leteni? Wenye lugha wanalijua pengo hilo. Ndiyo maana kusini mwa Marekani watu husema ‘y’all’, na Liverpool utasikia ‘youse’, maneno ambayo jedwali la ubaoni haliyatambui.

Kuhusu ‘he’ na ‘she’ hakuna la kusimulia sana; ‘yeye’ haiulizi jinsia, basi makosa kama ‘my mother he is sick’ yatapungua kwa mazoezi. Lililo zito ni ‘they’ ya mtu mmoja. Mwanafunzi akiandika ‘Somebody has left their bag’, wapo walimu watakaochora mstari mwekundu na kudai ‘his or her’. Waingereza wameitumia ‘they’ hivyo tangu karne ya 14, na kamusi ya Merriam-Webster iliichagua kuwa neno la mwaka 2019. Alama anayonyimwa kwa mstari huo mwanafunzi anaidai kihalali, na mwongozo wa usahihishaji unapaswa kueleza hivyo waziwazi kabla karatasi hazijafika mezani kwa msahihishaji.